Siku Mbili Hazitoshi

"Sitini na moja," alisema Gwakisa Mwambene, na hakuinua macho kutoka kwenye kioo chake cha mkononi.

Subilaga Mwaisumo alikuwa bado ameivaa fulana ya kupimia. Ilikuwa nyeusi, imembana kuanzia shingoni hadi kiunoni, na ndani yake zilipita nyuzi nyembamba kuliko nywele, zikisikiliza kila msuli, kila pumzi na kila pigo la moyo. Alikuwa ameivaa siku mbili kamili. Alilala nayo, akapika nayo, akatembea nayo hadi dukani na kurudi. Kwa siku hizo mbili alijisikia vizuri, na hilo ndilo lililokuwa balaa lenyewe.

"Na anayepata stahiki ya wasioweza kazi ni wa alama ngapi?" aliuliza, ingawa alijua.

"Chini ya arobaini, Mama Lugano. Samahani sana."

"Usiniombe samahani wewe, mwanangu. Si wewe uliyeitengeneza."

Gwakisa alikuwa mpimaji wa Mamlaka ya Uwezo kwa wilaya nzima ya Tukuyu, kijana wa miaka thelathini na moja, mpole, aliyezoea kutukanwa milangoni mwa watu. Alimfungua fulana mgongoni, akaikunja, akaitia kwenye mkoba. Hakuwa amefika barabarani kisanduku cha Mgawo, kile kinachopangia watu kazi, kilipolia ukutani.

"Subilaga Mwaisumo," kilisema kwa ile sauti yake ya upole isiyochoka. "Karakana ya mabomba, zamu ya asubuhi, kuanzia Jumatatu. Alama yako inaruhusu. Umekataa kazi mara mbili. Ukikataa mara ya tatu utaandikwa mkaidi."

Binti yake, Lugano, alisimama mlangoni na sinia la ndizi mkononi. Wote wawili walijua maana ya neno hilo. Mkaidi hufungiwa kadi ya zahanati. Mkaidi hutolewa kwenye nyumba za wafanyakazi, na ndani ya wiki moja jina la mtu mwingine linawekwa mlangoni. Jirani yao wa nyumba ya saba aliandikwa mwaka uliopita. Hakuna aliyejua alikokwenda.

"Kiambie kisanduku kwamba ukifanya kazi siku moja unalala siku arobaini," alisema Lugano.

"Nimekiambia. Kisanduku hakina masikio, kina alama tu."

Miaka mitatu nyuma Subilaga alikuwa mchomeleaji wa mabomba ya mvuke, yale yanayoleta joto la chini ya ardhi kutoka milimani mpaka kwenye mitambo ya umeme. Alikuwa na mkono ambao mafundi wenzake walikuja kuutazama. Kisha akaugua homa, kama wengi walivyougua mwaka ule, akapona, akarudi kazini. Alifanya kazi siku ya kwanza. Siku ya pili akaamka mzima. Siku ya tatu, akiwa anafunga kamba za viatu, nguvu zikamtoka kama maji yanavyotoka kwenye ndoo iliyotoboka, akakutwa sakafuni. Alilala wiki tatu. Alipopata nguvu akarudi tena, na mambo yakawa yale yale. Madaktari walikuwa na jina refu la ugonjwa huo. Watu wa Tukuyu waliuita anguko. Hauji wakati mtu anafanya kazi, wala usiku wake, wala kesho yake. Unasubiri.

Anguko la mwisho, lile la siku arobaini, lilimwachia mtetemo katika mkono wa kulia ambao haukuondoka mpaka leo.

*

Gwakisa alirudi siku iliyofuata bila kuitwa, saa nne asubuhi, mvua ikinyesha. Alikataa chai. Alikaa kwenye ukingo wa kiti na mkoba wake mapajani.

"Shikamoo, mama. Nimekuja na jambo. Ukilikataa, nitaondoka, na nitakuomba usahau kwamba nilikuja."

"Marahaba. Sema."

"Una haki ya kupimwa mara ya pili kabla ya Jumatatu. Fulana ina uzi mmoja, uko hapa chini ya kwapa, ambao unaziambia nyuzi nyingine sifuri iko wapi. Uzi huo ukipashwa joto kidogo, namba zote zinashuka. Ishirini na nane, thelathini hivi. Hakuna atakayejua."

Lugano, aliyekuwa akipanga vyombo, aliacha.

"Kwa nini unafanya hivi?" aliuliza Subilaga.

"Mama yangu ana anguko," alisema Gwakisa. "Mimi mwenyewe ndiye niliyempima. Alipata hamsini na nne. Nilituma namba kama ilivyo kwa sababu nilikuwa na wiki mbili kazini na niliogopa. Sasa anaokota majani ya chai siku moja na kulala siku kumi, na kila akiinuka amepungua. Sitaki kuliona hilo tena."

Nje mvua iliongezeka kwenye bati. Lugano alikuja akapiga magoti mbele ya mama yake. "Mama, kubali. Si uongo. Wewe ni mgonjwa kweli. Mashine ndiyo inayosema uongo, huyu kaka anairekebisha tu."

Subilaga aliutazama mkoba mapajani mwa Gwakisa. Asingekuwa mkweli kama angesema hakushawishika. Alishawishika mpaka mwisho. Alinyanyua mikono, akaiacha fulana ivishwe, akahisi vidole vya Gwakisa vikitafuta uzi chini ya kwapa. Kisha akauliza, kama fundi anavyouliza kuhusu bomba lolote:

"Hii namba ikitoka hapa inakwenda wapi?"

"Kwa Kipimo Mama."

"Kikaifanyie nini?"

Gwakisa alieleza kwamba Kipimo Mama si daftari la kuhifadhi namba. Ni mashine inayojifunza. Kila fulana nchini inakitumia si alama tu bali mwenendo mzima wa mwili kwa siku mbili, pamoja na jina la ugonjwa, nacho kinamlinganisha mgonjwa huyu na waliomtangulia. Mgonjwa asiyefanana na wenzake hutiliwa shaka. Na kwa kuwa hakuna mgonjwa wa anguko hata mmoja aliyewahi kukubaliwa, kipimo hakina wa kumlinganisha naye.

"Kwa hiyo mimi nitakuwa wa kwanza."

"Ndiyo, mama."

"Na kitajifunza kwamba mwenye anguko ni dhaifu tangu siku ya kwanza."

"Ndiyo."

"Akija mwenye anguko wa kweli, ambaye siku ya kwanza na ya pili ni mzima kama mimi nilivyo leo?"

Gwakisa aliutoa mkono wake polepole. "Kitasema anadanganya," alisema. "Kitamkataa kwa nguvu zaidi kuliko sasa."

Subilaga alikumbuka bomba la tatu. Ilikuwa mwaka wake wa pili kazini. Mshono wa bomba lile uling'aa kwa nje, mkaguzi aliupitisha kwa macho, lakini ndani ulikuwa hewa tupu. Lilipopasuka, aliyeuchomelea mshono ule alikuwa amekwisha kuhamia mkoa mwingine. Aliyeungua alikuwa mtu ambaye hakuwahi hata kumwona.

"Nivue," alisema.

"Mama!" Lugano alisimama. "Utakufa kwa ajili ya watu usiowajua?"

"Sijasema nitakufa. Nimesema anivue." Alimgeukia Gwakisa. "Sheria yenu inaruhusu nini kingine? Usinipe ile karatasi ya kubandika ukutani. Nipe sheria yenyewe."

*

Ukumbi wa Baraza la Rufaa ulijaa siku ya Alhamisi kwa sababu ya mvua zaidi kuliko kwa sababu ya kesi. Mwenyekiti alikuwa Bi. Kokuhirwa, mwanamke mrefu mwenye miwani aliyoivaa kwenye ncha ya pua. Upande wa Mamlaka alisimama mwanasheria, Bwana Mtengela, aliyekuwa na kikohozi na haraka ya kumaliza.

"Mama Mwaisumo," alisema Bi. Kokuhirwa, "nataka nikuelewe vizuri. Unadai huwezi kufanya kazi."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na unaliomba Baraza likuruhusu ufanye kazi."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

Watu walicheka. Subilaga aliwaacha wamalize.

"Kifungu cha kumi na tisa kinasema mwombaji anaweza kudai kupimwa akiwa kazini. Na kinasema apimwe kwa muda unaotosha kuonyesha hali yake. Hakikusema siku mbili. Naomba siku tano. Siku ya kwanza nitafanya zamu nzima karakana ya mabomba, kazi ile ile ambayo Mgawo umenipangia. Siku nne zilizobaki nikae na fulana yenu."

Bwana Mtengela alisimama. "Mheshimiwa, siku mbili hazikutoka hewani. Utafiti ulifanywa. Mtu akichoka, uchovu wake unaonekana ndani ya saa thelathini na sita."

"Mtu yupi?" aliuliza Subilaga.

"Samahani?"

"Huo utafiti, bwana. Walipimwa akina nani?"

Mtengela alipekua kioo chake. Alipekua muda mrefu kidogo kuliko alivyopenda. "Wanajeshi na wapagazi mia sita. Waliokuwa na majeraha ya viungo."

"Mwenye anguko hakuwemo hata mmoja?"

"Wakati ule ugonjwa huo ulikuwa haujapewa jina."

Safari hii hakuna aliyecheka. Bi. Kokuhirwa alivua miwani.

"Nisikilize kwa makini, mama. Nikikubali, hakuna rufaa nyingine. Alama zako zikibaki juu ya arobaini mpaka siku ya tano, utaandikwa mkaidi pale pale. Na zikishuka, maana yake mwili wako umeumia kweli. Upande wowote utakaoshinda, utaumia. Unaelewa?"

"Naelewa. Naomba iandikwe kwamba nimeelewa, na kwamba hakuna aliyenituma."

"Iandikwe," alisema Bi. Kokuhirwa. "Na alama zioneshwe kwenye ubao wa nje wa ukumbi huu, saa kwa saa, siku zote tano, asije mtu akasema zimechezewa."

Gwakisa, aliyekuwa ameketi nyuma na mkoba wake, aliinamisha kichwa.

*

Jumatatu saa moja asubuhi Subilaga alivaa fulana, na juu yake ovaroli yake ya zamani, na akaingia karakanani.

Alikuwa amejiandaa kwa maumivu. Hakuwa amejiandaa kwa furaha. Harufu ya chuma kilichopashwa moto ilimpokea mlangoni kama ndugu. Alishusha ngao ya uso, akagusisha kijiti kwenye bomba, na mwanga wa buluu ukawaka. Mkono ulitetemeka kwa pumzi tatu za kwanza. Kisha ukakumbuka. Mshono ulianza kutembea chini ya mkono wake, sawasawa, kama mchwa wanaofuatana njiani, na vijana wawili wa zamu ile waliacha kazi zao wakaja kusimama nyuma yake.

"Huyu ndiye mgonjwa?" mmoja alinong'ona.

Gwakisa, aliyetakiwa kisheria kuwa karibu, alimsogelea saa ya mapumziko. "Punguza, mama. Hakuna anayekulazimisha kufanya haraka hivyo."

"Nikipunguza watasema nimeigiza," alisema akiwa anafuta jasho. "Halafu, mwanangu, sijafanya hivi miaka mitatu. Usininyime."

Alifanya zamu nzima. Alichomelea mishono kumi na minne, na mkaguzi akaipitisha yote kwa mashine, si kwa macho. Jioni ubao wa nje ya ukumbi uliandika sabini na nne.

Siku ya pili uliandika sitini na sita. Watu walianza kusimama kuutazama wakienda sokoni. Lugano alirudi nyumbani na mafuta ya kupikia na uso uliovimba kwa hasira. "Yule mwenye duka anakuita mgonjwa wa alama sabini. Wateja wake wote wamecheka."

"Waache wacheke."

"Unajisikiaje?"

"Mzima," alisema Subilaga, na sauti yake haikuwa ya furaha.

Maana mchana kutwa alikuwa ameanza kuogopa kitu kipya. Je, safari hii anguko lisipokuja? Je, kama amepona, wiki hii hii, mbele ya wilaya nzima? Alikaa karibu na dirisha akitazama ukungu ukishuka kwenye mashamba ya chai, na akajikuta anamwomba Mungu amwangushe. Alipotambua anachokiomba aliona aibu. Aliwaza kwamba hakuna mtu anayestahili kufikishwa mahali pa kuomba ugonjwa wake usimwache. Na wazo hilo, zaidi ya aibu, ndilo lililomtia ukali ambao ulimbeba mpaka asubuhi.

*

Lilikuja siku ya tatu saa tatu na nusu.

Alikuwa akimimina chai. Birika lilizidi uzito mkononi mwake, kana kwamba kuna mtu anayelijaza mawe, akapata muda wa kuliweka chini na kusema, "Lugano, njoo," kisha miguu haikuwa yake tena. Lugano alimdaka kabla kichwa hakijagonga sakafu. Alimburuta mpaka kitandani, akafunga mapazia kwa sababu mwanga ulimchoma mama yake macho, akapiga magoti na kuanza kulia.

"Ni ngapi?" aliuliza Subilaga. Ilimchukua muda kuyatoa maneno hayo mawili.

Gwakisa alikuwa amesimama mlangoni na kioo chake. "Tisa," alisema. "Mama, ni tisa."

Nje ya ukumbi wa Baraza, walisema baadaye waliokuwepo, ubao ulibadilika mbele ya macho ya watu, kutoka hamsini na nane hadi thelathini na moja, hadi kumi na tisa, hadi tisa, kama mtu anayeshuka ngazi akikimbia. Mwenye duka alikuwa miongoni mwao. Saa sita mchana alituma kuku wa supu.

Siku ya nne Bi. Kokuhirwa alikuja mwenyewe, amevua viatu mlangoni, na nyuma yake Bwana Mtengela. Chumba kilikuwa na giza. Subilaga alilala chali, na alipojaribu kuwaamkia, sauti haikutoka.

"Usijisumbue," alinong'ona Bi. Kokuhirwa.

Mtengela alikohoa ndani ya leso. "Mheshimiwa, ni wajibu wangu kuuliza. Alama imeshuka kwa sababu mwombaji hajitikisi. Mtu yeyote akiamua kulala kimya kwa siku mbili, si itashuka vilevile?"

Lugano aligeuka kwa ghadhabu, lakini Gwakisa ndiye aliyejibu. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kumjibu mwanasheria.

"Hapana, bwana. Fulana haihesabu mtikisiko. Inauliza mwili una nini akibani na unatumia kiasi gani kufanya jambo dogo. Mtu anaweza kugoma kuinua mkono. Hawezi kuugomesha moyo wake." Alikigeuza kioo ili wote waone. "Hapa amelala tu, moyo unapiga mara themanini na mbili kwa dakika. Mama, kama unaweza, shika hiki kijiko."

Lugano alitaka kuzuia. Mama yake alimtazama, akaacha.

Subilaga alikishika kijiko. Alikiinua kutoka kwenye shuka, labda urefu wa kiganja. Kwenye kioo namba ilipanda, mia na kumi, mia thelathini na tano, mia arobaini na nane, kama ya mtu anayepanda mlima akiwa na mzigo kichwani. Kijiko kikaanguka. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, na akafumba macho.

Bwana Mtengela alikitazama kile kioo mpaka namba iliporudi chini, na ilichukua dakika kumi na moja. Hakuketi muda wote huo.

"Andika, bwana mpimaji," alisema hatimaye, na kikohozi chake kilikuwa kimemwacha. "Andika kama ilivyo, usipunguze hata nukta. Na iandikwe kwamba upande wa Mamlaka hauna swali lingine."

*

Uamuzi ulisomwa wiki tatu baadaye. Daktari alisema asitoke. Subilaga alisema kwamba aliyekwenda kuomba rufaa kwa miguu yake hatasomewa haki yake kwa simu. Wachomeleaji wanne wa karakana walikuja na godoro, wakamlaza juu yake, wakampakia kwenye gari la mabomba, na dereva akaendesha polepole kiasi kwamba kuku walimpita.

Ni desturi ya Baraza kwamba uamuzi unapotolewa watu wote husimama. Karani alipaza sauti, ukumbi ukasimama, na katikati akabaki mtu mmoja amelala. Bi. Kokuhirwa aliitazama hali hiyo.

"Kaeni," alisema. "Leo tutasikiliza tumekaa." Naye akaketi, akavaa miwani.

Alisoma kwamba Subilaga Mwaisumo hawezi kufanya kazi na kwamba atapata stahiki kamili, kuanzia siku aliyoomba mara ya kwanza. Alisoma kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mgonjwa wa anguko nchini atakayepimwa kwa siku mbili. Fulana itavaliwa siku sita. Alisoma kwamba wote waliokataliwa wakiwa na ugonjwa huo, na wote walioandikwa wakaidi kwa sababu yake, watatafutwa na kupimwa upya, na nyumba na kadi zao zirudishwe wakati wakisubiri. Ukumbi ulianza kuvuma. Aliinua mkono.

"Wataalamu wa Kipimo Mama wameliambia Baraza kwamba sasa mashine inayo sura ya anguko, kuanzia kilele hadi chini, na inaweza kuitambua hata kwa mtu aliyefagia uwanja tu. Kwa hiyo hakuna mwombaji atakayelazimishwa kufanya alichofanya mama huyu. Mmoja ametosha."

Akakunja karatasi. Kwa muda hakuna aliyejua kama inaruhusiwa kushangilia mahali pale. Kisha mwanamke mmoja wa karakana akapiga kigelegele, na wa pili akamjibu, na ukumbi mzima ukalipuka. Waliokuwa nje kwenye mvua wakaanza kupiga makofi kabla hawajajua kilichosemwa. Subilaga alikuwa amezibwa masikio kwa pamba ili kelele zisimuumize. Aliitoa pamba ya sikio moja.

"Mama, utaumia!" alisema Lugano.

"Niache," alisema Subilaga, akicheka na machozi yakimwingia masikioni. "Hii naisikia hata ikiniua."

Gwakisa alikuwa amesimama kando ya godoro, uso ameuficha kwa mikono miwili. Jumamosi ile alimpima mama yake mzazi kwa mara ya pili.

*

Ushindi ule ulikuwa na gharama. Ilimchukua Subilaga miezi mitano kuweza kuketi mezani na kula mwenyewe, na mkono wa kulia haukurudi kushika kalamu vizuri. Alijifunza kuandika kwa wa kushoto. Daktari alimwambia wazi kwamba hatachomelea tena maisha yake, na usiku huo alilia mbele ya Lugano kama anayemlilia marehemu. Lakini hakupoteza nyumba, hakupoteza kadi, na hakuna asubuhi tena aliyoamka akijiuliza kama ataaminiwa.

Mwezi wa sita tangu uamuzi, siku ya Jumatano mchana, simu iliita kutoka namba asiyoijua. Lugano aliiweka karibu na mto wa mama yake.

"Samahani kwa usumbufu, mama," ilisema sauti ya mwanamume, nzito na ya taratibu, kama ya mtu anayehesabu pumzi. "Naitwa Issa Nandonde. Niko Newala. Nilikuwa fundi cherehani. Namba yako nilipewa na mpimaji wa huku, nisamehe."

"Bila samahani, baba. Karibu."

"Mimi niliandikwa mkaidi miaka miwili iliyopita. Mke wangu aliniamini. Wengine wote walisema mvivu, hata kaka zangu. Hata mimi kuna siku nilianza kusema." Alinyamaza, akapumua. "Jumatatu wamekuja kunivisha fulana. Nikafagia uwanja. Jana nilikuwa mzima. Leo niko chini, mama. Nimelala hapa sakafuni kwenye mkeka, siwezi hata kugeuka, na kaka yangu mkubwa ameketi karibu yangu ameshika kile kioo. Hajaondoa macho tangu asubuhi."

"Inasema ngapi?"

Upande wa pili ulisikika mnong'ono, kaka akiulizwa, kaka akijibu kwa sauti iliyokatikakatika.

"Kumi na mbili," alisema Issa Nandonde, na akaanza kucheka, kicheko chembamba kisicho na nguvu ambacho hakikutaka kukoma. "Kumi na mbili, mama! Inaniona!"

Na Subilaga, kitandani kwake Tukuyu, akacheka pamoja naye mpaka wote wawili wakaishiwa pumzi.